Bado

Siku ya tatu ya mafunzo Mwalimu Shose Kiwelu
alitufunga mikono kwa leso,
walimu ishirini na mmoja, ukumbini Majengo:
"Mwanafunzi wako amekwama na kifungo cha shati.
Usimguse."
Tulicheka. Kisha hatukucheka.
Vidole vyangu viliruka ndani ya leso
kama kuku aliyefungwa miguu akipelekwa sokoni.

"Vidole hivyo," alisema, "ndivyo vinavyowaibia."

Miaka kumi na mmoja nimefundisha kitengo.
Nimefunga kamba za viatu, nimefuta pua,
nimemalizia watoto sentensi kabla hazijawafika mdomoni.
Waliniita mama. Nilipenda kuitwa mama.
Na kwenye fomu ya kila mwaka, mbele ya jina la Nderingo,
kwa kalamu nyekundu:
kuhesabu fedha, bado.
Kusafiri peke yake, bado.
Kupika, bado.
Chini kabisa pana mstari mmoja:
Baada ya shule ataenda wapi?
Niliandika: nyumbani.
Mwalimu Shose alisoma, akavua miwani.
"Nyumbani akafanye nini? Akawe nani?"

Nderingo ana miaka kumi na minane na ndevu tatu.
Ni kitinda mimba; kwa mila
nyumba ya baba na kihamba ni vyake,
migomba, kahawa, mfereji, makaburi ya wazee.
Baba yake aliniambia langoni, wala si kwa ubaya:
"Hicho, mwalimu, tumeshampangia binamu yake."
Nderingo alikuwa amesimama pale pale,
ameshika ndoo.

Alhamisi, zoezi: soko la Mbuyuni.
Manyunyu ya Julai, mlima haupo,
matope mpaka vifundoni.
Amri moja tu: tembea nyuma yake hatua tano,
mikono mfukoni, mdomo uuache nyumbani.

Nyanya za elfu moja. Akasimama mbele ya fungu.
Muuzaji akaniangalia mimi, juu ya bega lake:
"Huyu anataka nini?"
Nikatazama vitunguu.
"Mama, si nakuuliza? Huyu wako anataka nini?"
Nikahesabu vitunguu. Kumi na sita.
Neno la Nderingo hutoka mbali,
hupanda mlima kwanza, hupumzika.
Nililiona linakuja, nilikuwa nalo tayari
ulimini kama pipi.
Nikalimeza.
"Nya-nya," akasema. "Hizi. Si zile."

Akatoa noti ya elfu mbili.
Muuzaji akafungasha, akapitisha chenji
juu ya kichwa chake kuja kwangu.
Sikutoa mkono. Chenji ilining'inia hewani
mpaka Nderingo akaipokea,
akaipanga kiganjani, sarafu moja, moja,
midomo ikicheza.
Nyuma yetu watu wakakohoa. Mmoja akasema,
"Msogezeni tu, masikini."
Hakusogea.
"Bado," akasema.
"Bado nini?"
"Bado mia mbili."

Muuzaji akainua gunia, akapapasa chini ya mizani,
akaipata. Sijui kama alikuwa amesahau.
Akampa yeye, mkononi, akamtazama usoni:
"Haya, kaka. Samahani."

Kaka.

Njiani alikula nyanya moja bila kuosha,
mbegu zikarukia shati.
Kifungo cha pili kilikuwa kimeingia tundu la tatu.
Nilikiona tangu asubuhi.

Jioni nikaitoa fomu, nikaikwangua "nyumbani" kwa wembe,
nikakwangua mno, karatasi ikatoboka.
Miaka kumi na mmoja, na yeye mwenyewe
sijawahi kumuuliza.
Kesho nitamuuliza,
nitasimama mikono nyuma,
hata kama jibu litapanda mlima
mpaka kengele ya uji.